Iafoni za kuzama au hedifoni? Mwongozo kamili kwa anayecheza gemu saa nyingi

Meza yangu ya ufundi iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, na droo yake ya chini imejaa hedifoni ambazo wenyewe wamezikatia tamaa. Nyingi hazijaharibika. Spika zinalia, waya ni mzima, maiki inashika. Zimeachwa kwa sababu mwenye nazo alishindwa kukaa nazo kichwani zaidi ya saa moja. Pembeni ya droo kuna kopo la iafoni ndogo zilizokuja na malalamiko yaleyale kila wiki: "Fundi, hii haina besi," au "Fundi, inaniumiza sikio." Nazo nyingi ni nzima.

Nimechoka kuona vijana wakipoteza hela mara mbili kwa kosa moja, ndiyo maana nimeandika haya hatua kwa hatua. Ninachozungumzia ni kikao kirefu: saa tatu, nne, hata tano za gemu za risasi na wenzako, au ligi ya mpira inayokwenda mpaka usiku wa manane. Kwa mechi moja ya dakika kumi vaa chochote ulicho nacho.

Tuelewane majina kwanza. Hedifoni ni ile kubwa inayopita juu ya kichwa na kufunika masikio. Iafoni za kuzama ni zile ndogo zenye kimpira kinachoingia kwenye tundu la sikio na kuliziba. Ndizo wanazovaa wanamuziki jukwaani ili wajisikie wakati spika kubwa zinaunguruma. Zile za plastiki ngumu zinazoning'inia mlangoni mwa sikio bila kuziba nimeziacha nje. Hazizuii kelele, na kwa saa nne sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Nitasema msimamo wangu mapema: kinachoamua ni kelele ya mahali unapochezea na joto la mahali hapo. Kelele ndiyo inayokufanya uongeze sauti, na joto ndilo linalokufanya uvue. Taa, nembo na maandishi ya kwenye boksi vinakuja baada ya hayo mawili.

## Vitu vya kuandaa

- Kifaa chenyewe unachochezea: simu, kompyuta au pedi ya PS
- Hedifoni moja ya kuazima, yoyote inayofunika sikio lote
- Iafoni za kuzama za kujaribia, pamoja na vimpira vyako vipya vya saizi tatu: kidogo, cha kati na kikubwa
- Karatasi na kalamu
- Spiriti ya hospitali, kitambaa laini kikavu na mswaki laini ambao haujatumika
- Siku nne au tano za subira kabla ya kutoa hela

Usiazime iafoni ukaziingiza sikioni na vimpira vya mwenyewe. Vivue, weka vyako. Uchafu wa sikio la mtu haufai kuhamia kwako.

## Hatua ya 1: Pima kelele ya unapochezea

Kwa jioni tatu, kabla ya kuanza kucheza, kaa dakika tano bila kuvaa kitu na uandike kila unachosikia. Feni. Televisheni ya mpangaji wa chumba cha pili. Bodaboda na bajaji zinazopanda mlima. Jenereta ya dukani umeme ukikatika. Andika pia kama paa lako ni bati na halina dari, kwa sababu hapa kwetu mvua za kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei zikipiga bati, humsikii hata mtu mliyekaa naye kitanda kimoja.

Sababu ya kuanzia hapa ni hii. Kwenye gemu za risasi unatafuta sauti ndogo: nyayo, mlango, mtu anayejaza risasi. Kelele ya chumba inazifunika sauti hizo. Wewe unaongeza sauti ili uzipate, na unapoziongeza unaongeza na milipuko pia. Baada ya saa mbili kichwa kinauma na unadhani tatizo ni hedifoni.

Hedifoni iliyofungwa nyuma hupunguza makelele ya juu kiasi, lakini muungurumo mzito wa feni na jenereta hupita. Iafoni za kuzama zilizokaa vizuri huzuia zaidi, kwa kuwa zimeziba mlango wenyewe wa sikio. Za kimpira cha sponji huzuia zaidi ya za mpira laini.

Onyo. Kama wewe ndiye unayeangalia mtoto, sufuria jikoni au geti usiku, usizibe masikio yote mawili. Tafuta hedifoni zenye mgongo wazi, yaani zenye matundu nyuma ya spika, au cheza kwa spika sauti ikiwa chini.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja kama hii: "Nacheza saa nne, chumba kina feni na redio ya jirani, paa ni bati, naongea na wenzangu watatu." Sentensi hiyo itakusaidia dukani kuliko ushauri wa muuzaji.

## Hatua ya 2: Kagua tundu la kifaa chako

Hatua hii ni fupi lakini wanaoiruka ndio wanaorudi kwangu kesho yake.

Simu ikiwa na tundu la duara la milimita 3.5, kazi ni nyepesi. Ikiwa na Type-C tu, utahitaji iafoni za Type-C au adapta. Adapta za bei ya chini mara nyingi hazina chipu ya kubadili sauti ndani, na hizo hufanya kazi kwenye baadhi ya simu tu. Nenda na simu yako, ichomeke palepale.

Tazama pini kwa karibu. Ina mistari inayoizunguka. Mistari miwili maana yake ni sauti peke yake. Mistari mitatu maana yake ni sauti na maiki. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani kwa sauti na la waridi kwa maiki. Ukichomeka pini ya mistari mitatu kwenye la kijani utasikia, lakini wenzako hawatakusikia. Unahitaji waya mfupi wa kugawa, wenye tundu moja upande huu na pini mbili upande wa pili. Maiki nyingi "mbovu" zinazoletwa mezani kwangu zinapona kwa waya huo.

Kwa PS4 na PS5, pini inachomekwa kwenye pedi. Pedi ya PS3 haina tundu hilo. Na PS4 na PS5 hazipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth, kwa hiyo usinunue ukidhani zitaungana kama kwenye simu. Zisizo na waya zinazofaa huko huja na kidude chake cha kuchomeka kwenye USB.

Kuhusu Bluetooth yenyewe: ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250. Kwenye skrini inayotoa picha 60 kwa sekunde, milisekunde 200 ni picha 12. Unaona moto wa bunduki, kisha ndiyo unasikia mlio. Kwa gemu za mpira unaweza kuvumilia. Kwa gemu za risasi utauawa na mtu ambaye nyayo zake bado ziko njiani. Tena ukiwasha maiki ya Bluetooth, ubora wa sauti yote hushuka ukawa kama wa kupiga simu. Mimi nashikilia waya. Hauhitaji kuchajiwa, na umeme wetu tunaujua.

Utajua umefaulu ukiwa na jibu la kuandika: "3.5, mistari mitatu," au "Type-C yenye chipu."

## Hatua ya 3: Jaribio la joto

Azima hedifoni, chagua saa yako ya joto kali kuliko zote, cheza saa mbili bila kuivua. Kila nusu saa simamisha gemu na uandike: masikio yana jasho? Utosi unauma? Nyuma ya sikio je? Taya?

Kigoma tuko kando ya ziwa. Usiku hauna baridi ya kumkausha mtu jasho, na hewa ina unyevu. Hedifoni ya kwanza kubwa niliyonunua mimi ilikuwa na mito minene ya ngozi bandia, na dukani, dakika mbili tu nikiwa nimesimama mbele ya feni, niliiona tamu kama kitanda. Nyumbani, saa ya pili, masikio yalikuwa yameloa kama nimetoka kuoga ziwani Kibirizi. Nikawa navua upande mmoja sikio lipumue, na kwa kuwa sikio moja lilikuwa wazi, nikawa naongeza sauti ya upande wa pili. Haikuchukua muda mrefu ngozi ikaanza kubanduka. Kila nikivua nakuta vipande vyeusi vimeganda shingoni na kwenye kola. Jasho ndilo lililoimaliza.

Kwa hiyo angalia mambo haya kwenye karatasi yako:

Jasho likianza kabla ya saa moja, hedifoni ya ngozi bandia haikufai. Ya mito ya kitambaa au mahameli hupumua zaidi, ingawa huvujisha sauti na kuingiza kelele kidogo.

Utosi ukiuma, tazama uzito. Hedifoni nyingi za gemu zina gramu 250 hadi 350. Hazisikiki nzito mkononi, ila baada ya saa tatu shingo inazihesabu. Ikibana pembeni, ivalishe boksi lenye upana unaozidi kichwa chako kidogo ilale nayo usiku mmoja. Mara nyingi hulegea. Usiinyooshe kwa mikono, upinde wa juu ya kichwa hukatika pale kwenye kona.

Mwenye miwani: mkono wa miwani unakandamizwa kati ya mto na fuvu. Maumivu huja nyuma ya sikio, kwenye mfupa, na pengo linalobaki hapo huvujisha besi. Dada aliyesuka jana atasikia upinde ukikaa juu ya mistari ya nywele. Anayevaa hijabu, mto hautakaa sawa juu ya kitambaa. Wote hawa watatu nawaambia waanze na iafoni.

Hedifoni ndogo zinazokaa juu ya sikio badala ya kulizunguka usizifikirie kabisa kwa kikao kirefu. Zinakandamiza gegedu la sikio, na gegedu halizoei.

Ipo pia aina ya mgongo wazi, yenye matundu nyuma ya spika. Inapitisha hewa vizuri na sauti yake ni pana mno, kama uko uwanjani. Mwenye chumba kimya cha peke yake ataipenda. Mwenye feni, jirani na bati asiinunue, kwa sababu haizuii kelele hata kidogo, na jirani naye atausikia mchezo wako.

Utajua umefaulu kama saa ya pili ikiisha hujagusa hedifoni zaidi ya mara moja au mbili.

## Hatua ya 4: Jaribio la sikio

Hapa ndipo watu wengi wanapofeli, na ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi mezani. Anayesema iafoni haina besi, tisa kwa kumi hajaiingiza. Ameiweka tu mlangoni.

Fanya hivi kwa sikio la kulia. Pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, ivute taratibu juu na nyuma. Tundu la sikio limepinda kidogo. Ukivuta hivyo linanyooka. Fungua mdomo kidogo. Kwa mkono wa kulia ingiza iafoni huku ukiizungusha kidogo, kisha achia sikio. Utasikia dunia imerudi nyuma hatua tatu. Waya upite juu ya sikio na kushuka kwa nyuma, si kuning'inia mbele ya kifua, kwa sababu waya ukisugua shati mlio wake hupanda mpaka sikioni.

Kimpira cha sponji kinaviringishwa kwanza kwa vidole mpaka kiwe chembamba, kisha kinaingizwa na kushikiliwa kama sekunde 30 kikijijaza. Usikiache mapema, kitajisukuma nje.

Wakati wa kuingiza unaweza kusikia mlio mdogo wa kukwaruza, kama karatasi ya pipi. Hiyo ni ngozi nyembamba ya spika inayokunjwa na hewa. Punguza kasi ya kusukuma. Na ukivua, zungusha kwanza hewa iingie, ndipo utoe. Usichomoe kwa nguvu hata siku moja.

Sasa pima kama imeziba:

Cheza sauti yenye besi, ngoma au mlipuko. Sukuma iafoni ndani kidogo sana kwa kidole. Besi ikiongezeka, kulikuwa na pengo, panda saizi. Isipobadilika, umeziba. Kisha tabasamu, piga miayo, tafuna hewa. Ikilegea, panda saizi. Ikiuma sehemu moja, shuka saizi au badili mwelekeo. Na usishangae sikio la kulia likitaka kimpira kikubwa na la kushoto cha kati. Masikio ya mtu mmoja hayalingani, na hakuna sheria inayosema vimpira vifanane.

Mteja wangu mmoja alikuja na iafoni kaitupa mezani kama imemtukana. Nilimvalisha kimpira kinachozidi kwa saizi moja kile alichokuwa nacho, nikamwambia avute sikio. Akanyamaza. Akatazama simu. Akasema, "Kumbe kuna ngoma humu."

Kuna jambo moja la iafoni za kuzama ambalo wauzaji hawalisemi. Ukiziba masikio, sauti yako mwenyewe inageuka. Jaribu: ziba na useme "mmmm." Unajisikia kama umeingiza kichwa kwenye pipa. Kutafuna, kumeza, hata kupumua kunasikika. Wengine huzoea ndani ya siku mbili tatu. Wengine hawazoei, na kama wewe ndiye kapteni wa kikosi unayeongea saa nne mfululizo, hili linaweza kukuamulia jambo lote. Jaribu kwa kumpigia rafiki yako simu ukiwa umezivaa. Ukijikuta unanong'ona au unapayuka bila kujua, andika.

Onyo. Sikio linalotoa usaha, linalouma ukivuta ndewe, au lililowahi kutoboka ngoma, usiliingize kitu. Chukua hedifoni na umwone daktari.

Utajua umefaulu ukicheza saa mbili nazo bila maumivu ya sehemu yoyote, na sauti ya simu ikiwa chini ya nusu.

## Hatua ya 5: Maiki

Hedifoni za gemu zina mkono wa maiki unaofika mdomoni, na kwa kuongea huo unashinda. Maiki ya kwenye waya wa iafoni inasugua kola na inaokota feni. Ukichagua iafoni, ibane maiki kwenye shati kwa kibanio cha nguo, sentimita 15 hivi chini ya kidevu, na feni isiipulize moja kwa moja. Kwa gemu za peke yako, sahau hatua hii.

## Amua sasa

Ushauri wangu kwa mpangaji wa chumba kimoja Mwanga, Gungu au Ujiji, mwenye feni, bati na majirani: iafoni za kuzama, za waya, zenye maiki. Nasema hivyo bila kusitasita, na mimi mwenyewe ndizo ninazotumia.

Hedifoni ichukuliwe na mwenye chumba kimya na hewa, mwenye matatizo ya masikio, asiyevumilia kitu ndani ya sikio, na anayeongea sana kwenye timu. Mwenye banda la gemu pia achukue hedifoni. Mito inafutika kati ya mteja na mteja. Kimpira kinachoingia sikioni hakiazimishwi.

## Hatua ya 6: Dukani

Nenda na kifaa chako, vimpira vyako na karatasi yako. Jaribu kwa gemu yako, si kwa wimbo wa muuzaji, kwa sababu wimbo mzuri huficha ubovu.

Kwanza, pande zote mbili ziwe na nguvu sawa. Pili, tikisa pini ikiwa imechomekwa na ukunje waya karibu nayo. Mkwaruzo wowote, rudisha. Tatu, jaribio la nyayo: ingia uwanja wa mazoezi, mwombe rafiki akuzunguke ndani ya gemu, fumba macho, onyesha kwa kidole alipo. Ukimpata mbele, nyuma, kulia na kushoto, umepata kifaa. Hili linapima zaidi ya maandishi ya "7.1" kwenye boksi, yanayodai sauti ya spika nane, kwa kuwa hedifoni nyingi za namna hiyo zina spika mbili tu, moja kila upande, na hayo mengine yanafanywa na programu.

Ukubwa wa spika kwa milimita usikutie wazimu. Ya milimita 50 iliyotengenezwa vibaya inashindwa na ya 10 iliyotengenezwa vizuri. Angalia badala yake omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyoupinga umeme: 16 hadi 32 simu na pedi zinaimudu. Ukikuta 250, hiyo inahitaji mashine ya kuipa nguvu, na kwenye simu italia kama mgonjwa.

Kwa iafoni, lipa zaidi kidogo upate yenye waya wa kuchomoa. Waya hufa kwanza, karibu kila mara sentimita mbili kutoka kwenye pini. Ukiwa wa kuchomoa, unanunua waya tu. Kwa hedifoni, uliza kama mito inavuliwa na kama mito mingine ya kubadilisha inapatikana. Muuzaji akisita, jibu umepata.

Unaponunua kwa kuagiza Kariakoo, huwezi kujaribu. Agiza iafoni badala ya hedifoni, kwa kuwa iafoni inaweza kurekebishwa kwa kimpira, lakini upinde unaobana hauna dawa ya uhakika.

## Hatua ya 7: Weka sauti

Anza chumba kikiwa kimya. Panda kutoka sifuri mpaka usikie nyayo wazi, kisha simama hapo. Weka alama hiyo kuwa mpaka wako. Feni ikiwashwa au mvua ikianza, rekebisha kimpira kabla ya kugusa sauti.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Piga hesabu yako. Saa nne kila usiku ni saa 28 kwa wiki. Kwa desibeli 80 umo ndani. Kwa 89 umemaliza wiki nzima kabla ya Jumanne kwisha.

Huna mashine ya kupima? Kaa chini ya asilimia 60 ya sauti ya simu, na mwombe mtu aliyekaa urefu wa mkono akuite kwa sauti ya kawaida. Ukiwa na hedifoni usipomsikia kabisa, punguza. Kwa iafoni zinazoziba kipimo hiki hakifai, kwa hiyo shika asilimia na shika alama yako. Masikio yakilia "nziii" baada ya mchezo, ulizidisha. Kesho shuka na uone kama mlio unarudi.

Kila saa moja vua dakika tano au kumi. Ngozi ikauke, masikio yapumzike.

## Hatua ya 8: Utunzaji

Iafoni ikianza kusikika chini upande mmoja, usikimbilie kununua nyingine. Vua kimpira, ipeleke chini ya taa. Kwenye ncha kuna wavu mdogo kama wa chujio la chai, na mara nyingi utakuta umezibwa na nta ya sikio, njano, imeganda kama nta ya mshumaa. Geuza mdomo wa iafoni utazame chini, piga mswaki mkavu kwa upole ili vipande vidondoke badala ya kuingia. Nimerudisha sauti hivyo mara nyingi, na mteja anaondoka bila kutoa zaidi ya shukrani. Usipulize kwa mdomo, mate huingia. Usimwagie wavu spiriti.

Vimpira vya mpira laini vivue mara moja kwa wiki, osha kwa maji na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kurudisha. Vya sponji usivioshe. Futa, na vikikakamaa badilisha. Umekula ugali na migebuka ya mawese? Nawa kwa sabuni kwanza, ndipo ushike. Hedifoni, futa mito kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na spiriti kidogo sehemu ya plastiki tu. Ngozi bandia spiriti huikausha ikapasuka.

Usilale na iafoni masikioni, na usizivae mara baada ya kuoga ziwani sikio likiwa na maji. Maji yaliyofungiwa ndani ndiyo yanayoanzisha muwasho, kisha maumivu. Sikio likiwasha, acha iafoni siku kadhaa utumie hedifoni ya kuazima; likianza kutoa majimaji au kuuma ukivuta ndewe, nenda zahanati au hospitali ya Maweni, na usichokoe kwa kijiti cha pamba.

Hifadhi iafoni kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, waya ukiwa umezungushwa duara pana bila kufungwa fundo. Ndani yake weka vimpira vya akiba vya saizi yako ya kulia na ya kushoto, kwa sababu kimoja kitapotea tu, na kitapotea usiku.